Wimbo wa Maji Hauna Mwenyewe

Kilelengwani
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mume wangu Oliver,

Hujambo huko Nairobi? Umekula? Usiniambie umekula chai na mkate. Hicho si chakula, hicho ni kungoja chakula. Mimi mkeo wa kwanza ni mzima isipokuwa kifua, na kifua changu unakijua, kinapiga filimbi kabla jogoo hajaamka. Sauti imekwisha. Nikimwita mbuzi, hageuki. Jirani yangu Mwanaarusi anakusalimu, anauliza kama umeshaoa wa pili. Nimemwambia huyo wa pili aje kwanza nimwone anavyotwanga.

Anayeandika ni Charity, mwalimu wa chekechea. Mimi nasema, yeye anaandika, halafu karatasi anaipiga picha akutumie akienda Garsen Jumatano, maana huku simu inaita tu ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya Reuben, na picha haipandi kabisa. Nimemkataza asinitengenezee maneno. Aliandika mahali kwamba nimesikitika, na mimi nilikuwa nimetukana. Aliponisomea nikamfutisha.

Sasa sikiliza. Jumatatu ilikuja pikapu nyeupe hapa kwa Reuben, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Wanaume watatu na polisi mmoja. Wakapanda juu ya paa, wakashusha spika zote mbili, wakachukua amplifaya, wakachomoa na memori kadi. Wanawake tumesimama na debe zetu za mahindi, tunatazama. Wakasema Reuben anapiga nyimbo za watu bila karatasi ya ruhusa.

Reuben akawaambia, "Nyimbo za watu gani? Kadi hii nilinunua Garsen kwa pesa yangu."

Yule mkubwa wao, mwenye viatu vya kung'aa, akasema, "Mzee, kununua si kununua. Umenunua kusikiliza, hukununua kupiga."

Oliver, wewe uliyesoma, nifafanulie. Mimi nikinunua jembe ni langu. Nikilima nalo shamba la Mwanaarusi, mhunzi haji na polisi. Nikinunua sufuria nikaipikia harusi, mwenye kiwanda hasimami mlangoni. Babu yako alikuwa na kanda moja, ikazunguka kijiji hiki miaka minane, kila nyumba ikalala siku mbili, mpaka mwimbaji akawa anaimba kama mgonjwa. Hakuna aliyefungwa. Na Garsen wananiambia kijana wa kujaza nyimbo kwenye simu amefunga kibanda, sasa watu wanazunguka na kadi tupu kama watu waliofiwa. Kama nyimbo zao hawataki zisikike, si wangeziimba wakiwa ndani ya pipa?

Lakini hayo ya starehe nayaacha. Ndani ya kadi ile ya Reuben mlikuwa na wimbo wetu wa maji. Ule uliotuimbisha wewe mwenyewe mwaka juzi, wanawake sita, chini ya mabati ya Reuben, ukaturekodi na kile kidude chako chenye manyoya.

Wewe ni mtoto wa mto huu, lakini umekaa Nairobi sana, wacha nikukumbushe. Maji yetu hayaji na mvua yetu. Yanakuja na mvua ya watu wengine, huko juu milimani, yanatufikia jua linawaka na wingu hata moja hakuna. Dada yangu Dorothy anakaa Wenje, huko juu ya mto, akiyaona yamepita anapiga simu. Yanachukua kama siku mbili kutufikia, mara nyingine siku moja na nusu. Zamani wanawake tuliuimba ule wimbo shamba kwa shamba, mmoja akisikia anampokeza mwenzake. Sasa tumezeeka, ndiyo tukamwachia Reuben. Yeye anaupiga kwenye spika, na wale walio ng'ambo ya mto mashambani, juu ya madungu, vile vibanda vya nguzo, wakiamia ndege wasile mpunga, wanausikia mpaka shamba la mwisho. Maneno hayafiki, lakini ile sauti hata ng'ombe wanaijua. Watu wanaacha kila kitu wanapanda ardhi ya juu.

Mwaka wa maji makubwa ulipigwa saa nane mchana. Jua kali, watu wakatucheka. Kesho yake maji yalikuwa kwenye paa. Hakuna aliyekufa isipokuwa kuku wa Reuben, na yule kuku alikuwa mkaidi.

Masika hayo yanakuja. Wewe unafanya kazi na hao watu wa nyimbo. Waambie warudishe spika, na wewe tutumie wimbo. Ni hayo tu. Si makubwa.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Tamar


Nairobi
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mke wangu wa kwanza, Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na nakuombea kifua. Nakula, usijali, jana nilikula ugali na samaki ingawa samaki wa huku ni kama picha ya samaki. Wa pili bado hajapatikana. Msalimie Mwanaarusi na umwambie Charity asante kwa mwandiko mzuri.

Bibi, habari ya Reuben imenichoma, na nina jambo la kukueleza, nakuomba ulisikilize hadi mwisho kabla hujanitukana. Wale watu wa pikapu ni mawakala wa kampuni yetu, Hazina ya Nyimbo. Sikujua wangefika Kilelengwani. Wanapewa orodha ya biashara zinazopiga muziki bila leseni, na mashine ya Reuben ilikuwemo.

Na wimbo wa maji pia uko chini ya kampuni. Mimi ndiye niliyeuandikisha. Unakumbuka ile siku ya kurekodi niliwauliza wimbo ni wa nani, mkanyamaza nyote, mkatazama chini? Nikaona hamjui. Nikaogopa atakuja mjanja mmoja auchukue, autie ngoma za disko, apate sifa kwa jasho lenu. Ndiyo nikajaza fomu kwa jina la kampuni ili ulindwe, na wewe ukatia kidole kwa niaba ya wenzako. Nilifanya kwa nia njema kabisa.

Ulinzi wenyewe unafanywa na kompyuta. Hailali. Mtu akiuweka wimbo huu kwenye mtandao popote duniani, hata akiuvumisha puani tu, inautambua na kuuzima sauti papo hapo. Tulipouonyesha ule mtambo kwa wageni nilitumia wimbo wenu kama mfano, wakapiga makofi. Nilijivunia sana, Bibi.

Kuhusu kuutuma: kila wimbo unaotoka kwenye kompyuta za ofisi unaandikiwa jina la aliyeutoa. Mwezi jana mwenzetu Josephine alimtumia binamu yake wimbo mmoja wa harusi, akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nimeomba idhini rasmi. Nipe wiki mbili. Reuben naye akate leseni, spika zitarudi.

Mvua ya masika bado, Bibi. Tuna muda.

Mumeo,
Oliver


Kilelengwani
Alhamisi, 27 Machi 2025

Oliver,

Salamu zipo, afya ipo, kifua ni kile kile. Leo sikuiti mume wangu mpaka nimalize kusema, kisha tutaona.

Charity aliponisomea barua yako nilimwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia sasa isome polepole kama unavyowasomea wale watoto wa chekechea. Bado ilikuwa ile ile.

Kidole. Mimi nilidhani kile kidole ni cha soda. Ulikuja na kreti la soda na karatasi, na huku kwetu kila anayekuja na soda anakuja na karatasi ya kuonyesha kwa mkubwa wake kwamba soda zimenyweka. Nikatia kidole, nikachukua ya machungwa.

Na ulituuliza wimbo ni wa nani, tukanyamaza. Ukadhani hatujui! Mwanangu, kule kunyamaza ndiko jibu. Bibi yangu mimi alinifunza hivyo, na wake alimfunza yeye: wimbo wa maji hauna mwenyewe, na ukiulizwa unatazama chini. Kwa sababu anayejitaja kuwa mwenye wimbo wa maji amejitaja kuwa mwenye maji. Na maji yakija yanamwendea yeye kwanza, kumwuliza yamekosa nini mpaka yaitwe. Ndiyo maana waliutunga wakaukimbia. Kuna mtu mjinga anayeacha wimbo mzuri namna ile bila jina? Wangejisifu, kama si hofu.

Usiniambie ni ushirikina. Mimi kanisani naenda, na Mwanaarusi swala tano hazimpiti, na sote wawili tulitazama chini.

Jambo la pili. Charity alikuwa na ile video yetu ya wimbo kwenye ukurasa wa kijiji, uliyoiweka wewe. Jumatano akiwa Garsen ameifungua. Haina sauti. Amekuja nayo akanionyesha. Tuko pale sita, leso zetu tumejifunga vizuri, vinywa vinafunguka vinafunga. Kama kambare waliotupwa ukingoni. Mwanaarusi akaangua kilio. Katika wale sita, wawili wako kaburini, mmoja amepigwa na kiharusi, mmoja alihamia Malindi kwa mwanawe. Tumebaki mimi na yeye. Sauti za marehemu zilikuwa humo, Oliver. Mmezichukua mkaziweka wapi?

Nimewaambia wasichana njooni niwafunze, tuuimbe kwa midomo kama zamani. Wanaona haya. Na sasa Reuben amewatia hofu, anasema ukiuimba kwa sauti pikapu itakuja. Hata Charity, mwalimu mzima, ameniuliza hapa hapa, kalamu mkononi, "Bibi, tukiuimba wenyewe tutashikwa?" Nikamwambia aliandike swali hilo hilo, wewe ujibu.

Reuben alikwenda kuuliza leseni. Wakamtuma Malindi. Malindi wakamwambia afanye kwenye kompyuta. Kompyuta ikamwuliza barua pepe. Amerudi na maharagwe kilo mbili, ndiyo faida ya safari.

Mto umekuwa na harufu. Viboko wamehama kule chini kwenye matete, usiku wa juzi walikula migomba ya Mwanaarusi. Siafu wamebeba mayai yao wanapanda nguzo za nyumba yangu. Mimi sisomi vitabu, nasoma hao.

Tuma wimbo. Spika tutaazima hata msikitini Garsen. Tuma wimbo tu.

Sawa, mume wangu. Kula.

Bibi Tamar


Nairobi
Jumatano, 9 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepungua. Nimetuma dawa kwa basi, Charity aichukue Garsen, ni kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, si kunywa chupa nzima kama ile ya mwaka jana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikuwa najua, Bibi. Nasema kweli. Nilikuwa mdogo nilipoondoka, na hakuna aliyeniambia kwa nini mnatazama chini.

Nimekwenda kwa mkubwa wangu. Amenisikiliza vizuri, ni mtu mstaarabu. Anasema kijiji kinaweza kuruhusiwa kutumia wimbo bure, lakini kwanza ijazwe fomu ya matumizi ya jamii, ipitie kwa wakili, halafu kamati ikae. Kamati inakaa baada ya Pasaka. Nimemwambia kuhusu mafuriko. Akaniuliza, "Kwani hawana serikali ya kuwapigia king'ora?" Nikacheka kidogo, sijui kwa nini nilicheka.

Bibi, wacha nikwambie ukweli wote. Wimbo uko mbele yangu sasa hivi, kwenye kompyuta hii. Kuutoa ni dakika moja. Lakini tarehe moja Juni ninaajiriwa kikamilifu. Miaka mitatu nimekuwa kibarua wa mkataba. Nikipita hapo nitakuezekea nyumba mabati mapya, nitakujengea choo cha saruji, nitakuleta hospitali huku wakupime hicho kifua. Nikifukuzwa leo nitarudi kwako na begi. Ni wiki saba tu.

Hali ya hewa wanasema mvua za juu si kubwa mwaka huu.

Nisamehe, na uvumilie.

Mumeo,
Oliver


Kilelengwani
Jumanne, 29 Aprili 2025

Mume wangu Oliver,

Hujambo? Sisi ni wazima mpaka saa hii ninaposema. Dawa nilipata, nilikunywa kwa kijiko kama ulivyoamuru, Charity ni shahidi.

Leo nasema haraka. Dorothy alipiga simu jana asubuhi kutoka Wenje. Hatukuwa kichuguuni. Akapiga mchana. Reuben alikuwa akisaga, mashine inanguruma, hakusikia. Zamani tungekuwa tunamngojea, lakini tangu spika ziende hakuna anayengoja kitu pale. Leo alfajiri ndipo Reuben alipompata. Dorothy amesema, "Mwambie dada yangu yamepita. Yamefika ngazi ya tatu ya kanisa. Mabwawa ya juu yamefunguliwa." Halafu simu ikakatika.

Kwa hiyo siku moja tayari imeliwa. Hapa jua linawaka. Hakuna wingu. Mto unaonekana mpole, lakini una povu katikati, na unapita kimya. Mto wetu haunyamazi hivyo.

Ng'ambo kuna watu kama arobaini na watoto wao, mpunga umeanza kuiva, wamehamia huko huko kwenye madungu. Reuben amepiga kelele ukingoni mpaka amekauka. Wale wa karibu wamemsikia, wakampungia mkono. Wanadhani anawasalimu.

Mimi na Mwanaarusi tumekubaliana. Tunavuka sasa hivi kwa mtumbwi. Yeye anashika mashamba ya chini, mimi ya juu. Tutauimba. Ameniambia, "Tamar, wewe sauti huna, utaimba nini?" Nimemwambia sauti yangu haifiki mbali, basi nitakwenda karibu. Nitaingia shamba moja moja, nikaimbe chini ya kila dungu mpaka mtu ashuke.

Na usifikiri ni ushujaa, mimi si mjinga. Nilitia kidole. Niliyetia kidole ndiye niliyejitaja, hata kama nilidhani ni soda. Kama maji yana swali, yanikute huko na si huku penye watoto. Nitayajibu. Mimi sijawahi kushindwa na mtu kwa mdomo, sembuse maji.

Charity anawapeleka watoto wa chekechea Garsen, kwenye ardhi ya juu, na barua hii ataituma akifika. Tena anasema atanirekodi hapa kivukoni nikianza kuimba, auweke wimbo kwenye ukurasa wa kijiji, ili walio na simu vijiji vya chini wasikie. Nimemwambia sawa, lakini asinirekodi meno.

Oliver, sikulaani. Mke hamlaani mumewe kwa sababu ya karatasi. Ulikuwa unataka kunijengea choo, nimeelewa. Lakini nakuuliza jambo moja, ulitafakari: hao watu wako wanaolinda wimbo, wanaulinda na nani? Na sisi?

Mchele wa mavuno ya kwanza nimekuwekea juu ya dari, ndani ya debe la bluu. Usile mkate.

Mkeo wa kwanza na wa mwisho, huyo mwingine hutampata kwa uso huo,
Bibi Tamar


Nairobi
Jumanne, 29 Aprili 2025, saa kumi jioni

Bibi, Charity, yeyote anayesoma,

Salamu. Nilikuwa kwenye mkutano, simu imezimwa. Nimeona barua sasa.

Nimeutoa wimbo. Nimeutuma kwa Charity, kwa Reuben, kwa Dorothy Wenje, na kwa kila nambari ya Kilelengwani niliyo nayo. Kompyuta imeandika jina langu, na iandike. Naona alama moja tu kwenye kila ujumbe. Haijawa mbili, hakuna aliyeupokea.

Bibi usivuke. Ngoja. Nakuomba usivuke, wimbo unakuja.

Oliver


Garsen
Jumapili, 4 Mei 2025

Mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Hujambo? Umekula? Sijui barua hii niiandikie wapi, kwa hiyo naandika kwenye daftari la Charity, na karatasi nitampa Abdulnasser mwenye mtumbwi. Anasema kuna watu wamekwama kwenye vilima vya mchanga upande wa Kipini, wazee na mbuzi, na mtandao huko hakuna. Huenda uko nao. Nimemwambia amtafute bibi mfupi anayegombana na watu.

Nimefika juzi. Barabara imekatika, sehemu ya mwisho nilitembea. Kazi sina tena, walinipigia simu nikiwa njiani. Nimeambiwa kwa upole mkubwa.

Walitoka, Bibi. Wote. Nimewahesabu hapa kwenye uwanja wa shule, mahema kwa mahema, ng'ambo yote imetoka, hata yule mtoto wa wiki mbili. Kila mmoja ananieleza jinsi alivyokukuta. Jilo mwenye shamba la mpunga lenye mkorosho anasema alikuwa amelala, akasikia mtu anamgongea nguzo ya dungu kwa fimbo na kuimba. Akachungulia akasema, "Bibi, wimbo huo si umepigwa marufuku?" Ukamwambia, "Shuka, mbwa wewe, utanishtaki ukishafika ardhi ya juu." Watu wanacheka wakisimulia hayo, kisha wananitazama, wananisogezea kikombe cha chai.

Reuben ni mzima. Mashine yake haionekani. Mwanaarusi ni mzima pia. Nilikaa naye jana, amejifunika leso yako ile ya kahawia, anasema ulimtupia kwenye mtumbwi kwa sababu ilikuwa inakuzuia kutembea.

"Mimi nilimaliza mashamba yangu," akaniambia, "nikarudi kivukoni nikamngoja. Nilikuwa namsikia. Kikohozi, wimbo, kikohozi, wimbo. Shamba kwa shamba. Nikawa nahesabu, sasa yuko kwa Jilo, sasa yuko kwenye migomba. Halafu nikasikia wimbo bila kikohozi."

Nikamwuliza, "Bila kikohozi vipi?"

"Bila kikohozi, Oliver. Mrefu. Safi, kama alivyokuwa akiimba tulipokuwa wasichana. Nikasimama nikashangaa. Halafu maji yakaja, na mimi vijana wakanivuta kwenye mtumbwi."

Jana nilifanya kosa jingine. Nilikuja na spika, nilinunua Nairobi, nikaishika mapajani kwenye basi. Wimbo nilikuwa nao kwenye flashi. Nikaenda pale lami inapoingia majini, nikaupiga kwa nguvu zote kuelekea huko, nikidhani utausikia ulipo utajua niko hapa. Bibi, watu walitoka mahemani mbio. Mama mmoja alibeba mtoto asiye wake. Ng'ombe wakavunja uzio. Mwanaarusi akaja akaipiga spika teke.

"Huo si wimbo wa kumwita mtu," akasema. "Huo ni wa kuwafukuza watu. Unataka aje au akimbie?"

Nimeuzima.

Basi nikamwomba Charity ile video ya kivukoni, nisikie sauti yako tu, nikiwa peke yangu, polepole. Simu yake ililowa siku ile aliporudi kuwabeba wazee, haiwaki tena. Kilichobaki ni kile alichokiweka kwenye ukurasa wa kijiji. Nimekifungua leo asubuhi. Umesimama kwenye mtumbwi, fimbo mkononi, Mwanaarusi amekushika kiuno. Umeangalia kamera kwa hasira. Unafungua mdomo.

Hakuna sauti. Ilizimwa dakika moja baada ya Charity kuiweka. Kwa hiyo watu wa vijiji vya chini hawakusikia kitu, waliona tu bibi anafungua mdomo, wengine wakadhani ni mzaha. Ng'ambo uliwatoa kwa miguu yako. Huko chini, Bibi, hakuna aliyekwenda karibu. Wanane hawajaonekana.

Chini ya video pameandikwa jina la Hazina ya Nyimbo, na namba ya fomu. Namba hiyo naijua kwa moyo. Ni ile ya soda.

Kuna mahali pa kulalamika. Nimejaza mwenyewe, mimi niliyekuwa nikiyapokea malalamiko ya watu na kuyajibu kwa sentensi tatu. Kwanza nikaeleza yote, mto, na kifua chako, na madungu. Kompyuta ikanijibu kwamba maelezo hayahitajiki. Inauliza swali moja tu, na majibu mawili. Je, wewe ndiye mwenye wimbo huu? Ndiyo. Hapana.

Nikibonyeza Hapana, video inabaki bubu. Nikibonyeza Ndiyo, sauti inarudi mpaka kesi isikilizwe.

Nilitazama chini, Bibi. Nataka ujue hivyo. Nilitazama chini muda mrefu, kama mlivyotazama nyinyi siku ile, na safari hii nilijua kwa nini.

Dorothy amepiga simu saa nne. Maji mengine yamepita Wenje, makubwa kuliko yale, ngazi ya kanisa haionekani. Watu wanahamisha mahema kwenda juu zaidi, upande wa barabara ya Hola. Mwanaarusi yuko mbele yao anauimba, na wasichana sasa wanampokea bila haya. Amenipigia kelele niondoke hapa ukingoni. Jua linawaka. Wingu hakuna hata moja.

Nimebonyeza Ndiyo.

Nimekaa pale lami inapoingia majini, simu sikioni. Unakohoa kidogo mwanzoni, kisha unaanza. Kama maji yana swali kwa mwenye wimbo, usihangaike tena kuyajibu, yaambie mwenyewe ni mimi, nimehamia hapa.

Jibu, Bibi. Hata kwa matusi.

Mumeo,
Oliver